Mwamba Ngoma Baharini

Kuna kisa katika kitabu cha Kapteni Alonso de Contreras kilichonichekesha ndani ya daladala mpaka abiria wa pembeni akageuka kunitazama. Meli mbili zinapigana baharini. Mpiga mzinga mmoja amesimama mahali pa wazi akipakia mzinga wake, risasi ya adui inampiga katikati ya kichwa na kukisaga vipande vipande. Ubongo unawarukia waliokuwa karibu. Kipande cha mfupa wa fuvu kinamgonga puani baharia mwingine ambaye, anatueleza Contreras, alizaliwa na pua iliyopinda. Jeraha lilipopona, pua ya baharia yule ilikuwa imenyooka sawasawa na ya mwandishi mwenyewe.

Nilicheka, nikashuka kituoni, nikavuka barabara. Nilipofika upande wa pili ndipo nilipojiuliza: yule aliyesagwa kichwa alikuwa nani? Nikafungua tena ukurasa nikiwa nimesimama pale pale. Alikuwa Mholanzi. Basi. Hana jina, hana kwao, hana mtu wa kumlilia. Kisa kizima kinahusu pua.

Tangu siku ile nimekisoma kitabu hiki mara tatu, na kila mara nimekuta jambo hilo hilo: Contreras ananipeleka mbio kupita maiti, na mimi nakubali kupelekwa. Uhakiki huu ni jaribio la kueleza anavyofanya, na kwa nini sisi tunaosoma na kuandika habari za maisha ya kweli tunapaswa kujali.

Kwanza, mtu mwenyewe. Alonso de Contreras alizaliwa Madrid mwaka 1582 katika familia maskini. Wazazi wake walizaa watoto 16. Baba alipofariki walikuwa wamebaki wanane, naye Alonso ndiye mkubwa wao. Mwaka 1597, akiwa kijana mdogo, alifuata msafara wa jeshi uliokuwa unaelekea Flanders, akiwa miongoni mwa watu wa jikoni. Hakufika vitani huko. Akaishia Italia, kisha Sicilia, kisha Malta, na kutoka hapo akaingia katika kazi iliyomlisha na kumpa jina: kuwinda meli za Waturuki na Waarabu katika Bahari ya Kati. Baadaye alikuwa kapteni wa jeshi la nchi kavu, mtawa wa upweke mlimani, mfungwa, gavana wa mji, na mwanachama wa Shirika la Mtakatifu Yohane, wale mashujaa wa kidini waliotawala Malta. Katika siku 11 za mwanzo za Oktoba 1630 akakaa chini akaandika maisha yake yote hadi siku ile. Akaongeza kurasa chache baadaye, mpaka mwaka 1633. Hati yake ikakaa kimya kwa zaidi ya miaka 250, hadi mtafiti Manuel Serrano y Sanz alipoichapisha mwaka 1900. Mimi nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Philip Dallas ya mwaka 1989, nikiwa na matini ya Kihispania pembeni na kamusi mkononi.

Kiswahili hakina neno moja linalotosha kwa kazi ya Contreras. Tunasema haramia, na ndani ya neno hilo haramu imekaa waziwazi, haijifichi. Lakini kwa sheria za waliomtuma, Contreras hakutenda haramu yoyote. Alikuwa na kibali. Mtu aliyeteka meli bila karatasi alinyongwa. Aliyeteka meli ile ile akiwa na karatasi alipewa mgao wake na kupongezwa. Mwaka 1605 Malta ilianzisha hata mahakama maalumu ya kusimamia shughuli hii: nani aruhusiwe kutoka, chini ya bendera gani, na mateka yagawanywe vipi. Mkuu wa Shirika alichukua takriban sehemu ya kumi. Mali iliyotekwa iliuzwa, iwe nguo au sabuni. Watu waliotekwa waliuzwa pia katika soko la watumwa la Valletta, au walifungwa kwenye makasia ya merikebu, au waliwekwa kizuizini wakisubiri ndugu zao walete fidia.

Ni vizuri kukumbuka kwamba vita kubwa kati ya Hispania na dola ya Waturuki ilikuwa imepoa. Baada ya mapigano ya Lepanto ya 1571, wafalme wa pande mbili walifikia makubaliano ya kusimamisha vita mwanzoni mwa miaka ya 1580. Vita iliyobaki baharini ilikuwa ya watu wa vibali, na watu wa vibali walikuwa pande zote. Algiers, Tunis na Tripoli nazo zilikuwa na manahodha wao, mahakama zao na masoko yao. Miguel de Cervantes, kabla hajawa mwandishi tunayemjua, alitekwa na maharamia wa Algiers mwaka 1575 na kukaa utumwani miaka mitano. Kila upande ulikuwa na Mungu wake wa kumtaja, hati yake ya kuonyesha, na soko lake la kuuzia.

Ndani ya dunia hiyo Contreras aliandika vitabu viwili, na nadhani hatuwezi kukielewa kimoja bila kingine. Cha kwanza ni mwongozo wa bahari. Akiwa kijana kwenye merikebu za makasia alipenda kukaa na marubani, akiwaangalia wanavyosoma ramani zao na kuwauliza maswali. Mwishowe akaandika mwongozo wake mwenyewe wa Bahari ya Kati: bandari hii ina kina gani, rasi ile ina mwamba upande gani, ghuba ipi inakinga upepo wa kaskazini, wapi utapata maji ya kunywa. Anasema mwana wa mfalme, Filiberto wa Savoy, aliomba kuutazama mwongozo huo, akaupenda, akabaki nao. Cha pili ndicho hiki cha maisha yake.

Hoja yangu ni hii: Contreras alikiandika cha pili kama alivyoandika cha kwanza. Mwongozo wa bahari hauelezi kwa nini mwamba upo pale, wala haumlilii aliyezama juu yake. Unasema mwamba uko wapi na meli ipite upande gani. Unautaja, unaupita, unakwenda kwenye rasi inayofuata. Ndivyo anavyotendea kila kifo, kila mwanamke, kila mateka wa maisha yake. Uzuri wa kitabu umetoka hapo. Uovu wake nao umejificha hapo hapo.

Tazama ukurasa wa mwanzo kabisa. Alonso ni mtoto wa shule. Yeye na mwenzake wametoroka darasa kwenda kutazama michezo ya wapanda farasi. Wanaporudi, Alonso anachapwa kwa sababu mwenzake, mtoto wa mtu wa serikali, amemchongea. Baada ya masomo anamfuata yule mtoto uwanjani akiwa na kisu kidogo cha kuchongea kalamu. Anamwangusha kifudifudi na kumchoma. Anaona kama hakimwingii. Basi anamgeuza chali na kumchoma tumboni. Watoto wengine wanapiga kelele kwamba ameua. Anakimbia.

Soma tena lile la kumgeuza. Hakuna neno la hasira wala la majuto katika tukio lile. Kuna tatizo, na kuna utatuzi wa tatizo: upande huu hakiingii, jaribu upande wa pili. Hivyo ndivyo nahodha anavyotafuta mlango wa bandari. Mwandishi mwingine angetumia kurasa tano kujitetea au kujilaumu. Contreras anatumia sentensi chache na anahamia adhabu yake, mwaka mmoja wa kuhamishwa mji akakae kwa mjomba wake padri. Wala hatwambii jina la mtoto aliyekufa.

Au tazama alivyokuwa mtawa. Amechoshwa na dunia, anaamua kwenda kuishi peke yake mlima Moncayo, kaskazini ya Hispania. Msomaji anajiandaa kwa safari ya rohoni. Contreras anatupa orodha ya manunuzi: vazi la kujitesa mwili, mijeledi ya kujichapa, kitambaa kikavu cha kushona joho, saa ya jua, vitabu vya toba, mbegu, fuvu la mtu na jembe dogo. Anajipakia vitu kwa ajili ya toba kama anavyopakia meli kwa safari ya Mashariki. Anakaa mlimani karibu miezi saba kwa jina la Ndugu Alonso wa Mama wa Mungu. Aliwaza nini miezi yote hiyo? Hatwambii. Tunajua alikuwa na jembe.

Na hakutoka mlimani kwa hiari. Miaka michache nyuma, akiwa askari katika mji wa Hornachos, alikuta pango lenye silaha zilizofichwa. Wakazi wa mji ule walikuwa Wamorisko, yaani wazao wa Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa. Alitoa taarifa kwa mkubwa wake, akaambiwa anyamaze. Sasa habari zimefufuka na yeye anashukiwa kuwa mshirika wao, tena mfalme wao wa siri. Kundi la watu wenye silaha linapanda mlima kumkamata mtawa mmoja mwenye rozari. Kwa ucheshi, ni sehemu bora kuliko zote kitabuni, na aliokoka baada ya kesi ndefu. Wamorisko hawakuokoka. Kuanzia 1609 wote walifukuzwa Hispania. Watu wa Hornachos walivuka hadi Salé, kwenye pwani ya Morocco, na huko wakawa maharamia mashuhuri waliowinda meli za Wakristo kwa miaka mingi. Contreras, aliyekuwa na kila sababu ya kuiona duara hiyo, hasemi kitu. Kwenye mwongozo wa bahari, bandari uliyoiacha nyuma hairudi tena.

Sasa tufike kwenye kurasa zilizoniandikisha makala hii. Huko Sicilia Contreras alioa mjane wa Kihispania, mwanamke wa hadhi. Wakaishi vizuri zaidi ya mwaka mmoja. Alikuwa na rafiki aliyemwamini kama roho yake. Siku moja kijana mtumishi wa nyumbani akamuuliza swali la kitoto: bwana, kule Hispania ni desturi jamaa kuwabusu wake za jamaa zao? Contreras akaelewa. Hakufanya fujo. Akangoja. Na hapa, msomaji, anaandika kwamba bahati yao iliwaleta akawakuta pamoja asubuhi moja, na kwamba walikufa. Anamwomba Mungu awaweke mbinguni, kama dakika ile walitubu. Halafu anakiri kwamba mengine yapo mengi na kwamba haya machache ameyaandika bila kupenda.

Angalia kitenzi. Hakusema aliwaua. Alisema walikufa, kama watu wanaokufa kwa homa au uzee. Na kabla ya kufa, aliyewaleta pale ni bahati yao wenyewe. Kisu, mkono, mlango uliosukumwa: vyote vimeondolewa kwenye sentensi. Kwa Kiswahili tungeipata vizuri sana, kwa sababu lugha yetu ina kile kiambishi cha masimulizi, -ka-, kinachosukuma tukio juu ya tukio bila kueleza sababu: nikafika, nikawakuta, wakafa. Kati ya “nikawakuta” na “wakafa” kuna watu wawili waliochinjwa, na sarufi imepita juu yao bila kujikwaa.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kila tawasifu ni ngoma inayowambwa na mwenyewe, na hakuna anayevutia ngozi upande wa jirani. Lakini wengi huvuta kwa kuongeza: wanajisifu, wanaeleza, wanalia. Contreras anavuta kwa kupunguza. Ufupi wake unatufanya tumwamini, maana tumezoea kudhani kwamba mwongo huongea sana. Tukisoma mtu asiyejitetea, tunasema huyu ni mkweli. Ninaamini kwamba hakudanganya sana. Ila kitenzi kimoja kilichochaguliwa vizuri kinaweza kubeba kazi ya uongo mwingi, na hakuna atakayekishika.

Kwa muda mrefu wasomaji wake wamekuwa wakarimu. Lope de Vega, mshairi na mwandishi mkuu wa tamthilia wa Hispania wa enzi ile, alimkaribisha nyumbani kwake Madrid kwa miezi minane, na katika kitabu kilichotoka 1625 alimtabarukia tamthilia moja. Mwanafalsafa José Ortega y Gasset aliandika dibaji ya toleo la 1943 akimchukua Contreras kama kielelezo cha mtu wa vituko. Mwandishi wa riwaya Arturo Pérez-Reverte amemwingiza katika riwaya yake ya 2006 kuhusu maharamia wa Mashariki, na ni wazi anampenda. Nawaelewa. Hata mimi nampenda, ndiyo maana napata shida.

Utetezi unaorudiwa ni kwamba alikuwa mtu wa wakati wake, na wakati ule kila mtu alifanya hivyo. Utetezi huu hauridhishi, kwa sababu wakati wake ulikuwa na watu wengine pia. Cervantes alikuwa wa wakati ule ule na bahari ile ile. Alipoandika sehemu ya kwanza ya Don Quixote, iliyotoka 1605, alimpa mateka aliyerudi kutoka Algiers sura kadhaa za kusimulia habari zake, na akamleta pamoja naye mwanamke Mwarabu mwenye jina, Zoraida, mwenye hofu na matakwa yake. Kwa hiyo njia ya kumwona mtu aliyetekwa ilikuwepo. Waliotekwa na Contreras ni hesabu: wangapi, walileta kiasi gani. Anapomteka mwanamke wa Hungaria, hawara wa ofisa aitwaye Solimán de Catania, tunaambiwa uzuri wake na tunaambiwa hasira ya Solimán, ambaye anaapa kulipa kisasi na kusambaza picha ya Contreras katika bandari za Mashariki na Afrika ya Kaskazini ili akamatwe. Kisa kinakuwa cha wanaume wawili. Mwanamke mwenyewe, ambaye yumkini alishatekwa mara moja kutoka kwao Hungaria kabla ya kutekwa tena, hapewi hata sentensi moja ya kusema.

Lakini nisimtendee kama anavyowatendea wengine, kwa kuacha yasiyonifaa. Kuna kurasa ambazo mwongozo wa bahari unapasuka na mtu anachungulia. Katika kisiwa cha Stampalia, kwenye bahari ya Ugiriki, anakuta watu wanalia: meli ya Wakristo wenzake imemteka padri wao na inadai fidia. Contreras anaifuata meli ile, anamrudisha padri, na wanakisiwa wanafurahi kiasi cha kutaka kumwoza msichana wao mrembo na kumfanya mtawala wao. Wanamfungia wasimwache aondoke. Anakataa kwa upole, na kwa mara ya kwanza tunasikia kwamba kuna maisha mengine aliyoweza kuishi. Vilevile Agosti 1605, majeshi ya Sicilia na Malta yaliposhambulia mji wa Hammamet, pwani ya Tunisia, na kuangamia ufukweni, kapteni asiyeuliza maswali anauliza swali: ni nani aliyepiga ishara ya kurudi nyuma? Halijibu, na linaonekana kumwasha. Wafu wa siku ile walikuwa wenzake.

Na kuna lile la “bila kupenda”. Katika siku 11 za kuandika mbio, hapo ndipo mkono unaposita. Angeweza kuiruka asubuhi ile yote. Nani angejua, miaka mingi baadaye? Hakuiruka. Pia hakulazimika kumtaja yule kijana mtumishi, wala kuhifadhi swali lake. Lakini aliliandika kama lilivyoulizwa, na kati ya maneno yote ya kitabu hiki ni hayo ya mtoto ndiyo yaliyonibakia. Nadhani Contreras alijua mwamba huu ni tofauti na mingine. Akautaja, akaupita, lakini safari hii alipunguza mwendo.

Usidhani kwamba habari hizi ni za ng’ambo tu. Kati ya 1580 na 1640 mfalme wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno, kwa hiyo Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593 ilijengwa chini ya ufalme ule ule aliouhudumia Contreras. Miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 1589, Wareno walimkamata Mombasa nahodha Mturuki, Mir Ali Bey, aliyekuja na meli zake kuungwa mkono na miji ya pwani yetu dhidi yao. Vita vya vibali vilikuwa na tawi huku kwetu.

Tena tunacho kitabu chetu cha kuweka kando ya kile cha Contreras. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na yakachapishwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Ukisoma vitabu hivi viwili wiki moja, kama nilivyofanya, unashangaa. Hakukuwa na uhusiano wowote kati ya watu hawa: mmoja alikufa karne mbili kabla ya mwingine kuzaliwa. Hata hivyo mwendo ni ule ule. Tukafika, tukapigana, wakashindwa, tukapata pembe, frasila kadhaa. Mzigo una uzito unaojulikana. Waliobeba mzigo hawana majina. Yeye pia ana ucheshi, ana ujasiri, ana kumbukumbu kali ya bei. Nilikisoma kwa mara ya kwanza chuoni nikakisifu kwa ufasaha wake. Kiambishi -ka- sikukiona, kwa sababu ndicho ninachokitumia kila siku.

Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu sisi tunaoandika, hata kama hatujawahi kuteka meli. Katika insha zetu za maisha tunaandika “tukaachana”, “mambo yakaharibika”, “mama akaumia sana”, “ikatokea nikaondoka”. Mwaka jana niliandika insha kuhusu ndugu yangu tuliyekosana, na wasomaji wawili waliniambia wamependa utulivu wake, kwamba sikulalamika. Baada ya Contreras niliisoma upya. Nilihesabu vitenzi. Katika aya ile muhimu hakuna hata kimoja ambacho mtendaji wake ni mimi. Mlango ulifungwa. Simu haikupokelewa. Miaka ikapita. Utulivu uliosifiwa ulikuwa kibali nilichojiandikia mwenyewe na kukigonga muhuri.

Sipendekezi tuache kumsoma Contreras, wala sipendekezi tuandike kwa kulia kila ukurasa. Msomeni. Ni vigumu kumpata msimulizi mwepisi kuliko yeye, na anayetaka kujifunza kusogeza kisa mbele bila mafuta ya ziada atajifunza mengi. Lakini msomeni kama nahodha anavyousoma mwongozo wa mtu mwingine: kwa kuuliza ni miamba gani aliyoiacha bila kuiandika, na kwa nini. Unapokuta watu wamekufa bila kuuawa, simama. Tafuta mkono ulipo.

Kurasa zake za mwisho zina moto. Desemba 1631 alikuwa na askari wake Nola, karibu na Vesuvius, mlima ulipolipuka. Majivu yakaficha jua. Kapteni aliyezoea adui anayeonekana akajikuta mbele ya jambo lisilo na bendera wala bei, na askari wake wakitaka kukimbia. Anaeleza vizuri, haraka haraka. Kisha kitabu kinaendelea na shughuli za vyeo na mabishano na wakubwa, na mwaka 1633 kinakatika tu, bila hitimisho. Miongozo ya bahari haina hitimisho. Inafika pwani ya mwisho na kusimama.

Kwenye nakala yangu, pembeni ya kisa cha pua, nimeandika kwa penseli: Mholanzi. Ndicho kitu pekee tunachokijua juu yake, na niliona angalau kiandikwe mara mbili.